Gari la Kubebea Farasi wa Madamu

Kabambare, Jumatatu, 4 Juni 1951

Ubao wa tatu wa sakafu umetoka leo. Mchwa walishaumaliza. Nimeushika tu, ukavunjika mkononi kama mkate mkavu. Kuku wamelala humo miaka mingi, mavi yao yamekuwa magumu kama saruji. Nimeyakwangua kwa jembe mpaka saa sita, halafu nikakohoa mpaka jioni.

Remorki hii iliachwa nyuma ya ghala la pamba na mzungu aliyekuwa hapa kabla ya vita. Sanduku kubwa la mbao, magurudumu mawili, paa la bati. Mlango wa nyuma unalazwa chini, farasi anapandia hapo. Mashini haina, inavutwa na kamyo, lori la pamba. Bwana wetu, mzungu wa pamba wa sasa, anataka ipone. Madamu, mke wake, ameagiza farasi. Huyo farasi atakuja kwa treni mpaka stesheni ya ng'ambo ya Lualaba, atavushwa kwa pantoni, na kutoka Kasongo mpaka huku atapanda remorki yangu.

Jina la bwana hatulitamki. Tunamwita Kasuku, kwa sababu kila neno analisema mara mbili. "Wiki tatu, Leoni. Wiki tatu."

Wiki tatu hazitoshi. Nimesema ndiyo.

Jumatano, 6 Juni

Mbao za mvule zimefika kutoka msituni, mabegani mwa watu. Bado mbichi. Nimemwambia Kasuku ziachwe zikauke, akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisema. Basi. Nitazipasha kwa moto wa Ramazani.

Ramazani ni mhunzi wa hapa. Mwislamu, Mubangubangu wa hapahapa Kabambare, mimi ni mkubwa wake kwa miaka kama mitano. Mimi Mkristo, mtu wa Kasongo, useremala nilifundishwa na mapadri. Ananiita yaya, kama kaka yake wa tumbo moja. Mke wake Zaina na wangu Antonia wanatwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja.

Chuma kinamtii. Leo amefungua magurudumu, grisi yote imegeuka gamba, akaisafisha kwa mafuta ya mawese na mchanga mpaka gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja. Amecheka peke yake. Ninamwonea wivu. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Jumamosi, 9 Juni

Siku ya kupima pamba. Watu wamejaa tangu alfajiri na vikapu vyao. Wenye vikapu vyepesi, wasiofikisha kipimo cha serikali, wamewekwa upande, juani, wamekaa chini mikono kichwani. Kasuku amepiga teke kikapu cha mzee mmoja. Pamba imetawanyika uwanjani, mzee akaiokota kipande kwa kipande huku amepiga magoti.

Mimi nimeshona mito. Madamu anataka kuta za ndani ziwe laini, farasi asijigonge kwenye mashimo ya barabara. Turubai nje, pamba ndani. Nimeambiwa nichukue pamba ya daraja la kwanza. Nimeichota palepale penye mizani, mbele ya macho ya waliolima. Mama mmoja aliniangalia mikono. Sikumwangalia usoni.

Sisi kwetu tunalalia majani makavu.

Jumapili, 10 Juni

Misa. Baadaye nimepiga pasi suruali yangu nyeupe mwenyewe, Antonia anaunguza.

Naweka hapa jambo ambalo silisemi. Miaka minne iliyopita nilipigwa fimbo. Fimbo ya ngozi ya kiboko, uwanjani, suruali chini, kwa sababu nilichelewa kumaliza madirisha ya mzungu mwingine. Antonia alisimama pale amembeba mtoto wetu Mariya. Nililia. Nililia kama mtoto mwenyewe. Tangu siku hiyo nataka kitu kimoja tu duniani: kadi. Ile kadi ya watu wanaoitwa waliostaarabika, maevoluwe. Mwenye kadi hapigwi fimbo. Basi. Heshima waichukue wengine, mimi nataka matako yangu.

Lazima mzungu aandike barua kwamba wewe ni mtu wa kuaminiwa. Kasuku amesema ataandika. Ataandika.

Jumanne, 12 Juni

Ekseli imepasuka.

Ekseli ndicho chuma kinachoshika magurudumu mawili; uzito wote uko juu yake. Ramazani alikuwa anakwangua kutu akaniita kwa kidole. Karibu na gurudumu la kushoto, mstari mwembamba kama unywele. Akamwaga mafuta, akafuta, mafuta yakabaki ndani ya mstari. Akasema:

"Yaya, hii haibebe farasi. Hii haibebe hata mbuzi. Mwambie Bwana alete ingine Kasongo."

Mimi ndiye ninayeongea na Kasuku, kwa Kifaransa changu cha mapadri. Ramazani haruhusiwi hata kupanda ngazi ya baraza. Nikaenda. Nilikuwa na maneno yote tayari.

Kasuku alikuwa mezani, karatasi mbele yake. Jina langu limeandikwa juu kwa mashini. Chini hakuna kitu, nyeupe tupu. Akaigonga kwa kalamu. Farasi akifika siku yake, barua inaondoka siku hiyo. Farasi akichelewa, karatasi inafaa kwa kuwashia moto. Kisha akauliza kazi inaendaje, inaendaje.

Nikasema vizuri sana.

Kutoka barazani mpaka kwa mhunzi ni hatua kama sitini. Nilipofika nilikuwa nimeshatunga uongo wa pili. Nimemwambia Ramazani: Bwana amejua, Bwana amesema ivishwe pete za chuma. Ramazani alipitisha ukucha tena juu ya ule mstari. Halafu akasema, "Ni yeye mwenye gari."

Mimi ni mwoga. Ndivyo nilivyo.

Ijumaa, 15 Juni

Pete mbili. Ramazani amezichoma mpaka zikawa nyekundu, amezisukuma juu ya ule mstari, amemwagia maji. Zimebana vizuri. Kwa macho ni kazi safi. Amezipiga nyundo, akasikiliza kwa sikio, akatikisa kichwa.

"Zitashika kwa mwendo wa polepole. Kwenye tambarare. Kwenye mteremko, mimi sijui."

Amekwenda kuswali. Mimi nimepaka pete rangi nyeusi.

Jumatatu, 18 Juni

Sakafu imekwisha. Rangi ya kijani kuta za nje, mkono wa kwanza. Madamu amekuja na mwavuli, amesema wavu wa madirisha uwe mdogo zaidi, mbung'o wasipite. Ameuliza kama mbao zina vibanzi. Amepitisha kiganja chake ubaoni, pole pole, chote. Hajapata kibanzi. Nilifurahi. Naona haya kuandika kwamba nilifurahi.

Alhamisi, 21 Juni

Makomeo ya mlango wa nyuma. Mawili, ya chuma, yanafungwa kwa nje. Farasi akipiga teke mlango usifunguke, ndiyo amri. Ramazani ameyafua, mimi nimeyafunga kwa bolti zinazopita ubao wote.

Wale wa vikapu vyepesi wameongezeka. Sasa wanalala ndani ya ua wa polisi. Saidi, mdogo wake Ramazani, yumo. Mtu mzima, watoto wawili. Mke wake aliugua tangu mvua za kwanza, hakupalilia, magugu yakala pamba. Ramazani amefanya kazi siku nzima bila kupumzika. Zaina amepeleka chakula, polisi wamekila wao.

Ijumaa, 22 Juni

Kasuku amekagua. Ameingia ndani, tukafunga, akapiga mlango teke kwa kiatu chake kama farasi. Akapiga tena. Mlango haukutikisika. Akatoka anacheka, uso mwekundu. "Muzuri, Leoni, muzuri." Polisi wakacheka pia. Ramazani hakucheka.

Barua ina mistari mitatu sasa. Nimeiona mezani.

Jumapili, 24 Juni

Baada ya misa nimepita nyuma ya ghala. Miguu ya mzungu inatokeza chini ya remorki, suruali ya Jumapili, tochi inamulika huko chini mchana kweupe. Nikangoja. Akatoka, akajipangusa vumbi magotini, akaniona.

Akasema, "Rangi nzuri, rangi nzuri."

Hakuona. Mungu mkubwa, hakuona.

Jumatano, 27 Juni

Nitaandika kila kitu. Nisipoandika leo nitaanza kukumbuka vingine.

Jumatatu asubuhi tulifunga remorki kwenye kamyo. Niliamriwa niende, na vyombo vyangu, kama kitu kitalegea njiani. Nilishatandika majani makavu kwa ajili ya farasi. Tulikuwa tayari kuondoka tupu. Ndipo polisi wakawaleta wafungwa wa pamba, kumi na mmoja, wamefungwa kamba wawili wawili, mmoja wa mwisho peke yake. Wanakwenda gereza. Kasuku amesema kwa nini watu wengine watembee siku nne wakati gari linakwenda tupu, linakwenda tupu. Alisema kama mtu anayetoa sadaka.

Wakapanda mlango wangu. Saidi alikuwa wa tatu. Alipofika juu alishika mto wa ukutani, akaubonyeza kwa vidole, akawaambia wenzake, "Angalieni, iko laini." Wakacheka kidogo. Nafasi ya farasi mmoja, watu kumi na mmoja.

Nilifunga makomeo mimi mwenyewe.

Ramazani alitoka kwake mbio, bila viatu, koleo bado mkononi. Alisimama mbele ya kamyo. Hakuwahi kusema na Kasuku maisha yake yote. Alisema kwa sauti kubwa, watu wote wa ghala wakasikia:

"Bwana, ekseli imepasuka! Ile pete ni ya kudanganya macho. Itavunjika kwa mteremko. Bwana alijua! Yaya Leoni alikwambia!"

Kasuku aligeuka polepole. Akaniuliza kwa Kiswahili, ili wote wasikie:

"Leoni. Ni kweli? Ni kweli?"

Kulikuwa na muda. Si kwamba hakukuwa na muda. Niliona karatasi yenye jina langu. Niliona uwanja, suruali yangu chini. Ndani ya remorki nilisikia majani yakisagika chini ya miguu yao.

Nikasema, "Hapana, Bwana. Ekseli iko muzima. Anatafuta tu ndugu yake abaki."

Ramazani aliteremsha koleo. Aliniangalia. Polisi wakamsukuma pembeni, naye akakubali kusukumwa.

Tulikwenda vizuri asubuhi nzima, Kasuku usukani, mimi na polisi naye ndani ya kamyo. Nilianza kuamini. Mtu anaweza kuamini chochote akiwa amekaa vizuri. Mchana, kwenye mteremko mrefu kabla ya daraja la magogo, nikasikia mlio kama wa bunduki. Kamyo ikavutwa kushoto. Gurudumu likatupita, peke yake, likiruka ruka njiani kama mnyama aliyekata kamba. Halafu mkono wa chuma wa kuivutia remorki ukakatika, remorki ikaenda korongoni. Ilibingirika mara mbili. Sijui sauti hiyo niiandike namna gani.

Ililala ubavu, mlango juu kidogo, umekunjika. Makomeo yalikuwa yamebana. Niliyapiga nyundo, hayakusogea. Yalitengenezwa yasisogee. Ndani walikuwa wanaita, kila mtu jina lake: mmoja mama yake, mmoja Mungu. Saidi aliita, "Fundi! Fundi!" Nikachukua msumeno nikakata mbao zangu mwenyewe. Mvule ni mti mgumu, na nilikuwa nimechagua zilizo ngumu kuliko zote. Ilichukua muda. Sauti zilikuwa zinapungua nikiwa nakata.

Tulitoa wanne wamekufa. Saidi alitoka hai, kifua kimeingia ndani. Mwenzake aliyefungwa naye kamba alikuwa mmoja wa wale wanne, ilibidi niikate kamba kwanza. Mito ilikuwa imechanika. Pamba ilimwagika kila mahali, nyekundu. Saidi aliomba maji. Nilikwenda mtoni nikaleta kwa kofia yangu. Aliyanywa, akaniuliza tumebakiza kilomita ngapi. Nikasema chache. Akafa wa tano.

Kasuku alisimama juu barabarani. Alitazama saa yake. Alisema farasi atakuwa peke yake ng'ambo, hajui mtu, atakuwa na kiu. Akapanda kamyo, akaenda zake Kasongo. Vumbi lake lilitushukia sote, wazima na wafu.

Wale sita waliobaki polisi waliwafunga tena kamba. Wakaendelea kwa miguu. Mmoja mkono wake ulikuwa unaning'inia.

Watu wa kijiji cha jirani walitusaidia kukata machela. Nimetembea na Saidi mpaka hapa. Tumefika leo saa nne asubuhi. Ramazani alikuwa njiani, amekaa juu ya jiwe. Hakuna aliyemwambia, alikuwa amekaa tu tangu jana. Alichukua mbele ya machela, mahali pangu. Hakunigusa. Hakuniuliza kitu. Amemwosha ndugu yake mwenyewe, wamemzika adhuhuri.

Sikwenda. Nilisimama nyuma ya ghala nikisikia dua kwa mbali.

Ijumaa, 29 Juni

Mzungu wa serikali amekuja kuandika habari ya ajali. Kasuku amerudi pia, bila farasi, amemwacha Kasongo kwa rafiki. Meza imewekwa barazani. Mimi mkalimani.

Kasuku ameeleza: mhunzi alificha ubovu wa chuma chini ya pete, akasema habari yake dakika ya mwisho tu kwa faida ya ndugu yake. Nimelitafsiri hilo kwa Kiswahili. Nimemtafsiria Ramazani kosa langu kama lake, neno kwa neno, na sauti yangu haikukatika.

Ramazani alisimama chini ya ngazi. Hakuwaangalia wazungu. Akaniuliza mimi, taratibu, kama tuko wawili tu:

"Yaya, ile siku uliniambia Bwana amejua. Ulimwambia, ao hukumwambia?"

Mzungu wa serikali akainua kalamu. Anasema nini?

Nikasema kwa Kifaransa: Anaomba msamaha.

Mzungu akaandika. Ramazani hajui Kifaransa, lakini aliona kwamba nilisema maneno mafupi, na swali lake lilikuwa refu. Akainamisha kichwa. Nadhani ndipo alipojua.

Nimetia sahihi kama shahidi. Mwandiko wangu ni mzuri. Mzungu amenisifia.

Jumanne, 3 Julai

Ramazani amepigwa fimbo uwanjani. Nane. Baadaye gereza, miezi kumi na minane.

Kasuku alisema Leoni ahesabu, Leoni anajua kuhesabu kwa Kifaransa. Nimehesabu. Un, deux. Hakulia. Kwenye ya sita alijikojolea, askari akacheka. Mimi nililia mwaka ule kwenye ya pili.

Zaina alikuwepo. Antonia alikuwa amemshika mkono. Antonia aliniangalia toka ya kwanza mpaka ya nane, mimi, si Ramazani.

Jumatano, 4 Julai

Antonia hajasema nami. Amepika. Ameweka sahani. Amekwenda kula kwa Zaina.

Jumamosi, 7 Julai

Farasi amefika.

Amefika kwa miguu yake. Mchunga wanyama mmoja kamshika kamba, wametembea kutoka Kasongo siku tano, asubuhi na jioni, mchana wanapumzika kivulini. Amekula majani ya njiani. Yu mzima, manyoya yanang'aa. Jike, rangi ya kahawa, doa jeupe kwenye paji. Watu wote wametoka kutazama.

Angeweza kutembea tangu mwanzo. Sikuwa nimewaza. Nadhani hakuna aliyewaza.

Ukwato mmoja una mkwaruzo. Madamu amelia. Ameniita nishike mguu ulipokuwa unaoshwa kwa maji ya moto. Mguu mzito, wa joto. Farasi aliegemea bega langu. Yeye hana kosa, nimejisemea hivyo mara nyingi, lakini nilitamani kuuvunja ule mguu.

Jumatatu, 16 Julai

Nimekwenda kwa Kasuku. Sijala tangu Jumamosi, nilitaka niseme kabla sijaanguka. Nilisimama mbele ya meza nikasema kwa Kifaransa, safi, kama sala niliyokariri: Ramazani aliniambia ekseli imepasuka tarehe kumi na mbili. Mimi ndiye niliyeficha. Ramazani atolewe, niwekwe mimi.

Hakuacha kuandika.

"Najua," akasema. "Najua."

Akasema aliziona pete ile Jumapili kwa tochi. Chuma kizima hakivalishwi pete, mtoto mdogo anajua. Akafikiri zitashika. Hazikushika. Bahati mbaya, bahati mbaya. Karatasi za serikali zimeshafungwa, na yeye hawezi kuandika kwamba alijua, na mimi siwezi kuandika kwamba alijua. Tumeelewana? Mhunzi mwingine atakuja kutoka Kasongo mwezi ujao.

Halafu akavuta mtoto wa meza, akanipa barua. Imejaa mpaka chini, imetiwa sahihi. Mtu mwaminifu, imeandikwa. Mkweli.

Nilipaswa kuichana mbele yake. Nimeikunja mara mbili nikaitia mfukoni.

Sasa najua kitu ambacho sikujua. Nilidhani tulikuwa wawili mimi na Ramazani, mmoja apone mmoja afe. Kumbe yule wa tatu alikuwa chini ya gari na tochi, na kwake sote tulikuwa sawasawa.

Hilo halinipunguzii. Nimejaribu, halipunguzi. Ningesema ndiyo siku ile, mbele ya watu wote, asingeweza kuondoka.

Jumapili, 5 Agosti

Sikwenda kwenye misa. Padri akiniuliza nitajibu nini.

Zaina ameondoka. Ndugu zake wamemfuata, wamempeleka upande wa Salamabila. Antonia amempa sufuria yetu kubwa, vitenge viwili, na chumvi yote ya nyumba. Walilia pamoja njiani. Kinu wamekiacha, hakuna aliyekibeba.

Nimemwambia Antonia kila kitu, tangu ule unywele kwenye chuma. Alikuwa anachambua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilikuwa najua, Baba Mariya. Nilikusikia ulivyohesabu. Hukukosea hata moja."

Alhamisi, 6 Septemba

Mzungu wa kadi amekuja kukagua nyumba.

Antonia alifagia tangu asubuhi. Kitambaa juu ya meza, vikombe vinne vya kuazima. Mariya amevaa viatu. Mzungu huyu ni mgeni, kijana, mpole, anatoa jasho. Ameangalia kitanda, choo, chungu cha maji kama kina kifuniko. Ameniambia nisome mistari kumi ya gazeti. Nimesoma. Ameuliza kama tunakula mezani pamoja, mume na mke. Nimesema ndiyo.

Barua ya Kasuku aliisoma hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kupendezwa.

Kisha akamgeukia Antonia. Akamwuliza kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno:

"Mama, bwana yako, yeye iko mutu muzuri?"

Antonia alikuwa amesimama karibu na mlango na chai. Aliweka kikombe mezani, akakigeuza mkono wa kikombe uwe upande wa mgeni.

"Iko fundi muzuri," akasema.

Mzungu akangoja kidogo, kalamu juu. Antonia hakuongeza. Basi akaandika. Aliandika nini, sikuona.

Amekunywa chai yote, ameshukuru, ameondoka kwa baiskeli yake kabla mvua haijaanza. Antonia ameosha vikombe, ameviweka kwenye kikapu avirudishe kwa wenyewe. Mariya amevua viatu. Nimetoa meza katikati, nimeirudisha ukutani mahali pake.

Mvua ya kwanza ya mwaka. Ndogo, ya kutuliza vumbi tu.